Vitabu na Mashairi Huwapa Tumaini Walio Gerezani

Watu wa pwani wana kisa cha kale juu ya mfungwa aliyeokolewa na shairi. Fumo Liyongo, shujaa wa nchi za Pate na Ozi, alitiwa gerezani kwa hila ya mfalme wa Pate aliyeuogopa umaarufu wake. Kila siku mamaye alimpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi aitwaye Saada, na kila siku walinzi waliokaa mlangoni walikula kilicho chema, wakamwachia mfungwa makombo. Liyongo hakupiga kelele wala hakuwabembeleza walinzi. Alitunga mashairi, akamsomea Saada ayachukue kichwani mpaka kwa mamaye. Na ndani ya mashairi hayo alimwagiza mama aoke mkate wa wishwa, na katikati ya mkate atie tupa. Walinzi walipouona ule mkate wa wishwa waliudharau, wakauacha upite. Kisha Liyongo akaomba apigiwe ngoma ya gungu, akawatungia watu nyimbo za kuimba. Sauti za matoazi na pembe na waitikiaji zilipopanda juu, yeye alikuwa ndani akizikata pingu zake.

Kisa hicho kiliandikwa kwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu katika mwaka wa 1913, na watoto wengi wamekisoma shuleni. Wengi hukumbuka nguvu za Liyongo, na jinsi alivyouawa kwa sindano ya shaba. Ni wachache wakumbukao kwamba kabla ya tupa kuingia gerezani, shairi lilikuwa limekwisha kutoka.

Mambo ya namna hiyo hayakukoma zamani za Liyongo. Katika miaka iliyo karibu nasi, wafungwa wa Kenya, Uganda, Afrika Kusini na nchi nyingine wamepata nguvu ya kuishi kwa sababu ya kitabu kimoja, au kwa sababu ya beti chache walizozitunga wenyewe. Yafaa jambo hili litazamwe vizuri, kwa maana ni vigumu kupata kijiji au ofisi ambayo haijapata kuona mtu wake akipelekwa gerezani, kwa haki au pasipo haki. Na watu wake wakibaki nyumbani hujiuliza: je, atarudi akiwa mtu yule yule?

KIJANA WA MOMBASA

Mfano ulio karibu kabisa ni wa Bwana Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka wa 1946. Alikulia katika jamaa iliyojaa washairi, na tangu utotoni alisikia mashairi yakitungwa na kujibizana kama watu wengine wasikiavyo habari za bei ya mahindi. Alikuwa kijana mfanyakazi katika Baraza la Mji wa Mombasa alipoanza kuandika nyaraka za siri za siasa. Mmoja wa nyaraka hizo, uliotolewa mwezi wa Novemba 1968, ulikuwa na jina la swali: “Kenya: Twendapi?” Ndani yake alilaumu jinsi serikali ilivyokitendea chama cha upinzani, akawauliza wananchi kama hii ndiyo njia waliyoitaka walipopigania Uhuru.

Jibu la serikali lilikuja upesi. Alishitakiwa kwa uchochezi, na hatima yake ikawa kifungo cha miaka 3, tangu mwaka wa 1969 hata 1972. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu alipokamatwa. Muda mwingi wa kifungo hicho alitengwa na wafungwa wenzake, akakaa peke yake katika chumba cha gereza la Kamiti.

Mtu asiyepata kukaa peke yake kwa muda mrefu hudhani kwamba adhabu ya gereza ni kazi ngumu na chakula kibaya. Walakini wengi waliofungwa wameeleza kwamba upweke ni mzito kupita jembe. Mwenye kulima huona mwisho wa tuta. Lakini mtu aliyefungiwa peke yake hana tuta la kuhesabu. Siku ya leo ni kama ya jana, na ya kesho itakuwa kama ya leo. Maneno yake mwenyewe huanza kumpotea kwa kukosa mtu wa kusema naye.

Hapo ndipo ushairi ulipomfaa Bwana Abdilatif. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuwa na karatasi za kuandikia, aliandika mashairi yake kwa siri juu ya karatasi za chooni, na karatasi hizo zikatolewa nje kwa siri vile vile. Baada ya kufunguliwa kwake, mashairi hayo yalipigwa chapa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka wa 1973, katika kitabu kiitwacho Sauti ya Dhiki. Kabla ya hapo, katika mwaka wa 1971, utenzi wake juu ya maisha ya Adamu na Hawaa ulikuwa umekwisha kutolewa naye mwenyewe yumo gerezani. Kitabu chake kilikuwa kikisomwa na watu huru, na mwandishi wake hakuwa na ruhusa ya kuvuka ua.

Wenye kuyasoma mashairi ya Sauti ya Dhiki huona mara moja kwamba si maombolezo matupu. Katika shairi la “Siwati” mfungwa anasema waziwazi kwamba hataacha lile analoliamini. Katika “Mamba” anamsema mnyama wa mtoni aliyejiona kwamba hapana amwezaye. Na msomaji mwenye akili hahitaji kuambiwa huyo mamba ni nani. “Jipu” ni habari ya uvimbe uumao ambao siku moja hapana budi utatumbuka. Na katika “Mnazi” watu wawili wanagombania mti mmoja wa urithi, mmoja yuko juu akila madafu na mwingine yuko chini akidai haki yake. Mshairi alikuwa amefungiwa katika chumba kimoja, lakini ndani ya chumba hicho aliingiza mto, mnazi, mvua na utelezi wa njia, na nchi nzima ya Kenya pamoja na magomvi yake.

Mwaka wa 1974 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kwa hiyo mtu aliyefungwa na serikali ya Rais Kenyatta alipewa tuzo yenye jina la Rais huyo huyo, kwa ajili ya mashairi aliyoyatunga katika kifungo hicho hicho. Bwana Abdilatif alikuwa amekwisha kuhama Kenya, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha katika idhaa ya B.B.C. London, na mwishowe akawa mwalimu wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Huyu ndiye kijana aliyefikiriwa kwamba akifungiwa peke yake atanyamaza.

KWA NINI SHAIRI HULIWEZA GEREZA

Huenda mtu akauliza: kwa nini shairi, wala si hadithi au barua? Sababu yake wanaijua wote waliofundishwa kanuni za utungaji. Shairi la kawaida la Kiswahili lina mishororo 4 katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani 16, yaani 8 katika kipande cha kwanza na 8 katika kipande cha pili, na vipande vyote vina vina vyake. Mtu akisahau neno moja, mizani humwambia neno lililopotea lilikuwa na urefu gani, na kina humwambia lilikwisha kwa sauti gani. Hivyo shairi hujilinda lenyewe ndani ya kichwa. Karatasi yaweza kunyang'anywa na kuchomwa moto. Shairi lililohifadhiwa haliwezi kupekuliwa mlangoni. Liyongo alilijua jambo hilo alipomtegemea Saada asiyechukua waraka wo wote mkononi.

Na kuna faida nyingine. Kutunga ubeti mmoja wenye vina na mizani sawasawa ni kazi ya saa nyingi. Mfungwa ambaye saa zake hazina kazi huzipatia kazi. Jioni aweza kusema, “Leo nimemaliza beti mbili,” kama vile mkulima asemavyo, “Leo nimemaliza matuta mawili.” Mtu mwenye kuhesabu alichokifanya hajakata tamaa.

KITABU JUU YA KARATASI NGUMU

Baada ya miaka michache tu gereza la Kamiti lilimpokea mwandishi mwingine. Profesa Ngũgĩ wa Thiong'o, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa ameshirikiana na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika kuutoa mchezo wa kuigiza wa Kikikuyu. Mwisho wa mwaka wa 1977 alichukuliwa nyumbani kwake usiku, akawekwa kizuizini pasipo kuhukumiwa katika mahakama yo yote. Jina lake likawa namba, K6,77, na makao yake yakawa chumba namba 16. Alikaa humo mpaka siku ya tarehe 12 Desemba 1978.

Naye aliandika juu ya karatasi za chooni. Baadaye alieleza kwamba karatasi zile zilikuwa ngumu na za kukwaruza, labda zilichaguliwa makusudi ili kuwatesa wafungwa, lakini ugumu ule ule uliokuwa mbaya kwa mwili ulikuwa mzuri kwa kalamu. Alikata shauri kuandika hadithi ndefu kwa lugha ya mama yake. Palipompungukia neno au methali, aliwauliza wenzake waliozuiwa pamoja naye. Hivyo kitabu cha mtu mmoja kilikuwa kazi ya watu wengi, na mazungumzo juu yake yakawa chakula cha mioyo yao.

Siku moja wakaguzi waliingia chumbani wakakiona kile alichokificha, wakakichukua chote. Aliyewahi kupotewa na mavuno yote ya mwaka kwa nzige au kwa mafuriko ataweza kukisia jinsi moyo wake ulivyokuwa. Lakini baada ya siku kadha karatasi zile zikarudishwa. Kitabu chenyewe, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kilitolewa mwaka wa 1980, kikasomwa kwa sauti majumbani, katika mabasi na hata katika vilabu vya pombe, ambako anayejua kusoma aliwasomea wasiojua. Katika Kiswahili kinaitwa Shetani Msalabani, na kilitoka mwaka wa 1982. Profesa Ngũgĩ alifariki dunia mwezi wa Mei 2025, na hata leo kitabu hicho cha gerezani ni kimojawapo cha vile ajulikanavyo kwavyo zaidi.

Wala wao wawili hawakuwa wa kwanza katika Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwezi wa Oktoba 1952, Bwana Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapaji wa Karatina, alikamatwa, akapelekwa toka kambi hata kambi, miongoni mwake ile ya kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Katika miaka hiyo aliandika habari za kila siku. Maandishi yake yalitolewa kuwa kitabu mwaka wa 1983, na mwaka wa 1984 kitabu kikashinda Tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika. Basi, serikali ya kikoloni na serikali ya Uhuru zote mbili zilipata kuwafungia watu wa kalamu, na katika zamu zote mbili kalamu ilitoka salama.

KITABU KILICHOVALISHWA KADI

Huko Afrika Kusini kuna kisa ambacho wasomaji wa Kiswahili wana haki ya kukifurahia kwa namna ya pekee. Katika Kisiwa cha Robben, kilicho baharini mbele ya mji wa Cape Town, serikali ya ubaguzi wa rangi iliwafunga wapinzani wake. Mmoja wao, Bwana Sonny Venkatrathnam, alifungwa kwa miaka 6 tangu 1972. Mkewe alimletea kitabu chenye michezo yote ya Shakespeare. Kwa kuogopa kitabu hicho kisichukuliwe, Bwana Venkatrathnam alikifunika jalada lake kwa picha za kadi za Diwali, sikukuu ya Wahindu, na askari wakasadiki kwamba ni kitabu cha dini. Kwa hiyo wengi sasa hukiita Biblia ya Kisiwa cha Robben, ijapokuwa si Biblia.

Alipokuwa karibu kufunguliwa, aliwazungushia wenzake kitabu hicho kwa siri katika vyumba vyao, akamwomba kila mmoja achague maneno yaliyomgusa, kisha atie sahihi yake pembeni. Zaidi ya watu 30 walifanya hivyo. Bwana Nelson Mandela alitia sahihi yake tarehe 16 Desemba 1977, katika mchezo wa Julius Caesar, mahali ambapo Kaizari anamweleza mkewe mwenye hofu kwamba yeye haogopi kifo. Bwana Walter Sisulu alichagua maneno ya Shailoki katika The Merchant of Venice, yanayoeleza habari za mtu wa kabila linalodharauliwa ambaye amevumilia matusi mengi.

Sasa msomaji wa Kiswahili na akumbuke jambo moja. Michezo hiyo miwili ndiyo hasa aliyoitafsiri Mwalimu Julius Nyerere kwa Kiswahili alipokuwa akiiongoza nchi yake: ule wa Kaizari ulitoka mwaka wa 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Watu wa Afrika Mashariki walipokuwa wakiisoma michezo hiyo shuleni na majumbani katika uhuru, watu wengine wa Afrika walikuwa wakiisoma michezo hiyo hiyo kwa kujificha, wakitafuta ndani yake maneno ya kuwasimamisha wima. Mtu aliyeitunga alikuwa Mwingereza aliyekufa zaidi ya miaka 300 kabla yao. Hakuwajua wala hakuwawazia. Lakini kitabu hakiulizi msomaji wake ni nani.

Wafungwa wa kisiwa hicho hawakuridhika na kusoma tu. Walipopelekwa kuchimba chokaa, waligawana katika vikundi, na mwenye elimu alimfundisha asiye nayo huku sururu zikifanya kazi. Wengi walisoma masomo ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kwa njia ya posta. Na Bwana Mandela usiku aliandika habari za maisha yake. Nakala moja ilitolewa kisiwani mwaka wa 1976 na mwenzake aliyemaliza kifungo. Nakala nyingine iliyofukiwa bustanini ilifukuliwa na wakubwa wa gereza, na kwa kosa hilo Bwana Mandela alinyimwa ruhusa ya kusoma masomo kwa miaka 4. Wakuu wale walijua ni adhabu gani itakayomwuma. Hawakumwongezea mawe ya kuvunja, bali walimnyang'anya vitabu.

ALIYEJIFUNZA AKINGOJA KUNYONGWA

Hata hivyo, si vema kudhani kwamba vitabu ni faraja ya wanasiasa na maprofesa peke yao. Walio wengi gerezani ni watu wa kawaida waliohukumiwa kwa makosa ya kawaida, na wengine kwa makosa makubwa sana. Katika Uganda, mwanamke kijana aitwaye Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka wa 2002, akawekwa katika gereza la Luzira, Kampala. Mtu anayengoja kamba aweza kusema, “Elimu itanifaa nini?” Yeye hakusema hivyo. Alirudia masomo ya sekondari akiwa humo gerezani, akafanya mitihani, akawasaidia wanawake wenzake kujifunza pamoja naye.

Jina lake pia lilitangulia katika kesi ya wafungwa zaidi ya 400 waliohukumiwa kufa. Mwezi wa Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikata kwamba jaji asilazimishwe na sheria kutoa hukumu ya kifo pasipo kupima habari za kila mtu. Kesi ya Bibi Kigula ikasikilizwa upya, akapewa kifungo cha miaka badala ya kamba. Alijifunza sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa bado mfungwa, na mwaka wa 2016 alitoka akiwa huru. Katika Kenya vile vile wako wafungwa, na hata askari wa magereza, waliosoma sheria ya chuo hicho hicho kwa njia ya mafunzo ya mbali. Na kila mwaka wako wafungwa wafanyao mitihani ya taifa ndani ya kuta za gereza.

SHERIA ZA ULIMWENGU ZASEMAJE

Huenda wengine wakadhani kwamba kumpa mfungwa kitabu ni hisani ya mkuu wa gereza mwenye moyo mwema. Sivyo. Tangu mwaka wa 1955, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Geneva ulikubali kanuni za kuwatunza wafungwa, na mojawapo ya kanuni hizo yasema kwamba kila gereza liwe na maktaba yenye vitabu vya mafunzo na vya kuburudisha, tena wafungwa wahimizwe kuitumia. Mwaka wa 2015 kanuni hizo zilitengenezwa upya, zikaitwa Kanuni za Nelson Mandela, kwa kumbukumbu ya mtu aliyejua kwa miaka 27 gereza ni nini. Ile ya maktaba haikuondolewa.

Nchi ya Brazil imekwenda mbele zaidi. Tangu mwaka wa 2012, mfungwa katika magereza ya serikali kuu ya nchi hiyo akisoma kitabu kimoja na kuandika maelezo yake vizuri, hupunguziwa siku 4 za kifungo. Aweza kusoma vitabu 12 kwa mwaka, na hivyo kupunguziwa siku 48. Maelezo hayo husahihishwa, kwa maana mtu aweza kufungua kurasa pasipo kusoma kitu. Huko kitabu kimefanywa kuwa tupa kwa ruhusa ya sheria.

LAWAMA NA JIBU LAKE

Wako watu, nao si wajinga, wasemao hivi: “Mwizi aliyechukua ng'ombe wangu apewe kitabu, na mtoto wangu nimnunulie kwa fedha? Hiyo ni adhabu gani?” Lawama hiyo si ya kudharauliwa. Aliyeibiwa ana uchungu wake, na haki yake yapasa kutangulia. Tena si kweli kwamba kila asomaye hugeuka kuwa mwema. Wako waovu wengi waliosoma sana.

Lakini mwenye kulaumu na afikiri mpaka mwisho. Walio wengi kati ya wafungwa siku moja hufunguliwa, wakarudi katika kijiji kile kile na soko lile lile. Mkulima ajua kwamba shamba lisilolimwa halikai tupu likimngoja mwenyewe, huota magugu. Na moyo wa mtu aliyefungiwa miaka 5 pasipo kazi ya akili ni hivyo hivyo. Asipofundishwa na kitabu, atafundishwa na mwizi aliye hodari kuliko yeye, ambaye amelala kando yake na ana nafasi nyingi ya kufundisha. Basi swali si kama mfungwa atajifunza au hatajifunza. Swali ni nani atakayekuwa mwalimu wake.

Wala kitabu hakiondoi adhabu. Mlango hufungwa jioni kwa yule asomaye kama kwa yule asiyesoma. Mama haonekani, watoto hukua mbali, na mvua hunyesha juu ya shamba ambalo wengine wanalilima. Kitabu hakiwezi kuyarudisha hayo. Kiwezacho ni kumpa mfungwa mahali pa kusimama mpaka siku ya kufunguliwa, ili atokapo asiwe amevunjika. Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwa kipimo hicho kitabu kimeonyesha urafiki wake mara nyingi.

YANAYOWEZEKANA KUFANYWA

Mambo yawezayo kufanywa na mtu wa kawaida si makubwa. Mwenye ndugu gerezani, aendapo kumwona, na aulize kwa mkuu wa gereza ni vitabu gani vinavyoruhusiwa kupelekwa, kwa sababu kila kitabu hukaguliwa kabla ya kumfikia mfungwa. Asidhani kwamba vitabu vya dini peke yake ndivyo vinavyofaa, ijapokuwa hivyo vimewafariji wengi. Kitabu cha hesabu, cha ufundi wa mbao, cha ufugaji wa kuku, kamusi, diwani ya mashairi, hadithi nzuri: vyote vina mtu wake. Karani mwenye vitabu vya shule ambavyo watoto wake wamekwisha kuvimaliza aweza kuvitoa kwa maktaba ya gereza lililo karibu, badala ya kuviacha viliwe na mchwa.

Na asiye na kitabu aweza kuandika barua. Mfungwa ambaye hakusomeshwa atasomewa na mwenzake, na mara nyingi barua ya nyumbani ndiyo imfanyayo mtu mzima atake kujifunza herufi, ili asome mwenyewe kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa, na kwamba mtoto wa tatu ameingia shule. Barua kama hiyo haihitaji maneno ya hekima. Yatosha iwe ya kweli, na ifike.

Kwa maana katika kile kisa cha zamani wengi humsifu Liyongo kwa nguvu zake na kwa ushairi wake, wakamsahau Saada. Yeye hakuwa shujaa wala mshairi. Alikuwa mtu wa kutumwa, aliyepita mbele ya walinzi kila siku na chombo cha chakula kichwani. Lakini kama Saada asingaliyachukua mashairi yale mpaka kwa mama, na kama asingaliurudisha ule mkate wa wishwa mpaka gerezani, Liyongo angalifia ndani, na mashairi yake pamoja naye.